Yule rafiki mweusi anaishi wapi? Namna ya kutazama filamu za watoto za Ulaya pamoja na wanao

Swali hilo si langu. Ni la binti yangu wa mwisho, alipokuwa na miaka saba. Tulikuwa tumekaa kwenye kochi hapa Antwerp, Ubelgiji, mvua inapiga dirisha, filamu imekwisha. Ilikuwa filamu ya familia, moja ya zile za watoto wanaokwenda likizo na kurudi wamekua. Shujaa alikuwa mvulana wa kizungu. Tulishaona chumba chake na kitanda chake, tulishamwona mama yake akipaka siagi kwenye mkate, hata mbwa wake tuliona anapolala. Rafiki yake alikuwa mtoto mweusi, mchangamfu, mwingi wa kucheka na kukimbia. "Mama," akasema, "yule rafiki anaishi wapi?" Nikadhani kuna mahali alisinzia. Tukairudisha filamu nyuma, tukatafuta pamoja. Hakukuwa na mahali. Filamu nzima hatukufika kwao hata mara moja. Alikuwa anatokea tu shuleni na barabarani, hana mama, hana mlango.

Tangu siku ile hicho ndicho kipimo changu. Kabla ya kuja huku nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Tanga, na sasa Jumamosi moja kila mwezi ninaonyesha filamu katika ukumbi wa kuazima kwa watoto wa familia zinazozungumza Kiswahili: wa Bukavu na Lubumbashi, wa Bujumbura, wa Mombasa, na wa kwetu. Wazazi huniuliza ninachaguaje, na ninawaambia nini watoto taa zikishawashwa. Haya ndiyo ninayofanya. Unaweza kuyafanya sebuleni kwako ukiwa na mtoto mmoja tu.

Itazame peke yako kwanza

Usiruke hatua hii hata kama umechoka. Kaa na daftari, usiku watoto wamelala, uitazame filamu yote. Nitatumia mfano wa filamu ninayoionyesha mara nyingi kuliko zote: Binti, ya mwaka 2019, ya mwongozaji wa Kibelgiji Frederike Migom. Jina ni hilohilo letu. Mara ya kwanza nilipolitangaza, mtoto mmoja wa Lubumbashi alicheka mpaka akakaa chini: "Eti anaitwa Binti? Ni kama kuitwa Mutoto Mwanamuke!"

Binti ana miaka 12. Alizaliwa Kongo, akaletwa Ubelgiji akiwa mchanga, na anaishi na baba yake, Jovial. Anachotaka maishani ni kuwa maarufu kwa video zake za mtandaoni, kama msichana mmoja anayemhusudu. Wote wawili hawana makaratasi ya ukaazi. Siku moja polisi wanavamia wanapoishi, nao wanakimbia. Ndipo Binti anakutana na Elias, mvulana wa kizungu wa miaka 11, ambaye wazazi wake wameachana na ambaye peke yake anaendesha klabu ya kuwaokoa okapi, mnyama wa misitu ya Kongo. Binti anamtazama Elias, anamtazama mama yake Elias, anamtazama baba yake mwenyewe, kisha anapanga: hawa wawili wakioana, sisi tutabaki. Mwisho sitausema.

Katika daftari lako andika vitu viwili tu: saa na dakika ya kila tukio litakaloweza kumshtua mtoto, na kila mlango unaofunguliwa. Nitaeleza kuhusu milango hapo mbele. Kuhusu mshtuko, nisikilize vizuri. Katika ukumbi wangu wamo watoto ambao nyumbani kwao neno "polisi" husemwa kwa sauti ya chini. Kwa hiyo wiki moja kabla huwa nawapigia wazazi, mmoja mmoja, nawaambia: kuna uvamizi wa polisi mwanzoni, je, mwanao aone? Wengine hukataa, na huwa sibishani nao. Mama mmoja alikubali kwa sharti kwamba akae naye yeye mwenyewe, na tukio lile lilipofika akamvuta mwanawe akamfunika kwa ushungi wake, wakatazama pamoja kupitia kitambaa. Na kamwe usimwulize mtoto mbele ya wenzake kama kwao wana makaratasi. Wala usimwulize faraghani. Akitaka kukwambia, atakuja mwenyewe wakati unakunja viti.

Tafsiri kama kwenye kibanda umiza

Filamu hii inazungumza Kiholanzi na Kifaransa vikipishana, kama maisha yalivyo Ubelgiji. Maandishi ya Kiswahili chini ya skrini hutayapata. Watoto wakubwa hawayahitaji, maana shule zimeshawapa lugha hizo. Ila bibi wamo, na wadogo waliofika mwaka huu wamo, nami sitaki mtu akae gizani akitazama midomo tu.

Sisi tuna ufundi wetu wa jambo hili. Mliokulia Tanzania mnakumbuka vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video: benchi, televisheni juu ya kabati, na sauti ya msimulizi Lufufu ikitusimulia filamu ya Kichina kama jambo lililotokea mtaa wa pili. Wakenya wana DJ Afro. Nami hufanya vivyo hivyo. Nasimama pembeni ya skrini na maikrofoni ndogo, nafasiri. Tofauti ni kwamba kina Lufufu waliongeza chumvi, na chumvi ile ilikuwa raha yenyewe, lakini mimi hapa siongezi. Jovial akinyamaza, nami nanyamaza. Mtu mzima mweusi anayenyamaza kwenye skrini, kamera imetulia usoni pake bila haraka, ni kitu ambacho watoto wetu hawajakiona mara nyingi. Usikizibe kwa maneno yako.

Jizoeze nusu saa tu kabla. Lugha ikikupita mahali, sema maana yake kwa kifupi, usonge mbele.

Hodi

Sasa milango. Kwetu humjui mtu mpaka umepiga hodi kwake ukaambiwa karibu. Unaweza kusalimiana na mtu sokoni miaka kumi, lakini siku utakapoona sufuria yake ilipo ndiyo siku mmejuana. Basi baada ya filamu, swali langu la kwanza kwa watoto ni hilihili: tumefika kwa nani? Tumeona jiko la nani? Nani tumemwona amelala, amenuna, amevaa nguo za nyumbani?

Na hapo Binti inatoa kitu ambacho mtu mzima akikitazama haraka kinampita. Sisi tunafika anapoishi Binti mapema kabisa, lakini hatubaki, kwa sababu wanaingia watu wasiopiga hodi. Niliwauliza watoto: polisi walisemaje mlangoni? Msichana wa miaka tisa akajibu, "Hawakusubiri mtu aseme karibu." Kisha ukumbi ukawa kimya, na sikuongeza neno. Huo ni uwakilishi, na mtoto ameushika bila kulijua neno lenyewe: kwamba filamu ya familia ya Ulaya imekubali kutuonyesha mlango ukivunjwa kwa upande wa wale walio ndani.

Kwa wakubwa kidogo, kuanzia miaka 12, nalinganisha na filamu ya Uingereza ya 2002, Bend It Like Beckham. Msichana wa Kisingasinga wa Hounslow, magharibi ya London, anataka kucheza mpira na wazazi hawataki. Nyumba yao tunaijua kama yetu: picha ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, ukutani sebuleni, mama jikoni akitaka binti ajue kupika viazi na koliflawa, wageni kila upande. Watoto wa Mombasa na Nairobi huamka pale baba anaposimulia ujana wake. Alikuwa mrusha mpira hodari wa kriketi Nairobi, lakini alipofika Uingereza klabu za wazungu zilimkataa na kumcheka kilemba. Mwongozaji mwenyewe, Gurinder Chadha, alizaliwa Nairobi mwaka 1960. Simamisha filamu hapo. Waulize: baba anakataza kwa sababu gani, ukali au kidonda? Nimewahi kuona kijana wa miaka 14 akitoka pale na kwenda kumpigia baba yake simu nje kwenye baridi.

Kuna kovu pia. Mguu wa shujaa, Jess, una kovu kubwa la moto. Lile si rangi ya kupakwa. Ni kovu la mwigizaji mwenyewe, Parminder Nagra, aliyeungua utotoni, na mwongozaji badala ya kulificha akaliandika ndani ya hadithi. Katika ukumbi wangu kuna mtoto mwenye kovu la uji wa moto mkononi, na ndiyo sababu kila mwaka nahakikisha sehemu hiyo haikatwi.

Maswali yanayofuata, na yale ya kuacha

Usiulize "mmejifunza nini?" Watoto watakupa jibu la darasani. Usiulize pia "weusi walikuwa wangapi?" Kuhesabu nyuso ni kazi rahisi, na watengenezaji filamu wanajua kwamba tunahesabu. Ndiyo maana yule rafiki asiye na mlango aliwekwa mle.

Uliza: anataka nini? Hili naliona kubwa kuliko yote baada ya hodi. Kabla hatujajua habari za makaratasi, Binti alishataka kitu, na kitu chenyewe ni cha mtoto yeyote wa umri wake: kutazamwa, kupendwa na watu asiowajua. Hakuanza kama tatizo. Filamu nyingi za Ulaya zenye mtoto mhamiaji humpa hamu moja tu, kuokolewa. Mtoto anayetaka kuokolewa tu unamhurumia, ila humfuati. Anayetaka kitu chake unamfuata hata anapokosea.

Na uliza juu ya kukosea. Nani katika filamu hii anaruhusiwa kukosea akabaki kupendwa? Jess anawadanganya wazazi wake mara kadhaa, nasi bado tuko upande wake. Binti anapanga ndoa ya watu wazima bila kuwauliza. Nafurahi. Watoto wetu wanaambiwa kila siku wawe mfano, wasiharibu jina la familia, wasije wakasema watu. Wakae saa moja na nusu na mtoto mweusi ambaye si malaika.

Hapa ndipo mjadala huwa mkali, na uuache uwe mkali. Mvulana mmoja wa Bukavu, mkimya kwa kawaida, alisimama akasema haipendi hadithi hii, kwa sababu mlango wa kubakia Ubelgiji umewekwa mkononi mwa mama wa kizungu. "Kwa nini lazima tuolewe na wao ndio tukae?" Msichana mmoja akamjibu kwamba wazo lilikuwa la Binti, si la yule mama, kwa hiyo mwenye ufunguo ni Binti. Walibishana mpaka maandazi yakaisha. Mimi nilikuwa upande wa mvulana kwa sehemu kubwa, na nilimwambia hivyo. Mtu mzima aseme anachofikiri, ila aseme mwishoni, watoto wakishamaliza.

Halafu okapi. Elias anahangaika kumwokoa mnyama wa Kongo asiyewahi kumgusa, na mbele yake amesimama mtoto wa Kongo anayetafutwa arudishwe huko. Filamu inaviweka viwili hivi pamoja na kukuachia. Watoto wadogo hawalioni peke yao, kwa hiyo nawauliza taratibu: okapi akija Ubelgiji hupokewaje? Hapa Antwerp jibu liko karibu, maana bustani ya wanyama iko ubavuni mwa stesheni kuu ya treni. Okapi walifika humo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na bustani hiyohiyo ndiyo inayotunza daftari la kimataifa la ukoo wa okapi waliofugwa: nani alizaliwa lini, kwa mama yupi. Nikiwapeleka watoto huko huwa nawaacha wamtazame kwanza, miguu yenye milia kama punda milia, ulimi mrefu mweusi kama wa jamaa yake twiga. Ndipo nawaambia kwamba kila okapi humu ana jina na karatasi zake.

Nawaambia pia kitu kisichosemwa na filamu. Okapi anaishi porini katika nchi moja tu duniani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na hifadhi yake inayojulikana zaidi iko Ituri, ambako watu wanazungumza Kiswahili. Mwezi wa Juni 2012 wanamgambo walishambulia kituo cha Epulu ndani ya hifadhi hiyo, wakaua watu na okapi 14. Ugomvi wangu na filamu hii ni huo: Kongo imekuja Ubelgiji kwa sura ya mnyama, na watu wa Ituri wanaoishi naye hatuwasikii. Hii si sababu ya kuiacha. Ni sababu ya mwenye maikrofoni kuongeza dakika tano baada ya taa kuwashwa.

Kwa wale wa sekondari naongeza habari za Tervuren, mji ulio karibu na Brussels. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II alileta Wakongo 267 Ubelgiji, wakawekwa katika vijiji vya maonyesho ili watu wawatazame. Saba walifariki na makaburi yao yako kwenye uwanja wa kanisa la hapo Tervuren hadi leo. Mwaka 1958, katika maonyesho makubwa ya Brussels, bado kulikuwa na kijiji cha Wakongo, na wageni wakiwatazama juu ya uzio. Nataka vijana waijue historia hii kabla hawajaniambia kwamba sura ya mtoto mweusi kwenye skrini ni jambo dogo. Kwa muda mrefu Mkongo katika nchi hii alitazamwa. Katika Binti, msichana wa Kikongo ndiye anayeshika kamera na kujitazama.

Majina, na mwanga

Usizime filamu majina yanapoanza kupita. Wasomee watoto kwa sauti. Jovial ameigizwa na Baloji, mwanamuziki aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji, na Binti ameigizwa na Bebel Tshiani Baloji, ambaye ni binti yake wa kumzaa. Watoto wakijua hilo huomba kurudia sehemu wanapokaa pamoja, wapate kuona. Jina Baloji lina undugu na neno letu walozi, na ukumbi hushtuka kidogo, hasa bibi. Mwaka 2023 Baloji aliongoza filamu yake mwenyewe, Augure, ikapata tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Nawaambia vijana: aliyekuwa mbele ya kamera ya mtu mwingine amehamia nyuma ya kamera yake.

Kwa sababu hiyohiyo natafuta nani ameandika. Filamu ya Uingereza Rocks, ya 2019, iliongozwa na Sarah Gavron, mzungu, lakini iliandikwa na Theresa Ikoko pamoja na Claire Wilson, na ilijengwa kutokana na mazoezi ya muda mrefu na wasichana wa shule wa London wenyewe, kabla hadithi haijakamilika. Bukky Bakray, shujaa wake, hakuwa ameigiza filamu hapo awali. Unasikia tofauti masikioni: wasichana wanakatizana, wanacheka mahali ambapo mwandishi wa mbali asingeweka kicheko. Hii si ya wadogo, kwa kuwa mama anaondoka na kumwachia binti yake kazi ya kumlea mdogo wake, na watoto wengine hulala na hofu hiyo.

Mwanga ni jambo la haraka. Angalia kama uso mweusi unaonekana usiku, kama macho yana nuru, au kama mtoto mweusi ni kivuli chenye meno. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi yenye mwanamke wa kizungu, mafundi wakiiita Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kawaida. Anayeijali ngozi yetu huipangia taa. Angalia na nywele: zimesukwa na mtu anayejua, au zimeachwa tu?

Kisha wape simu

Baada ya chai, nawapa watoto kazi moja ya kwenda nayo nyumbani. Video ya dakika moja, kwa simu ya mzazi, bila muziki. Ianze nje ya mlango wenu na iishie ndani. Wazazi huniuliza kama wasafishe kwanza. Nawaambia wasisafishe.

Mwezi uliopita tuliziweka zote kwenye skrini kubwa, moja baada ya nyingine. Ya mvulana wa Bujumbura, mwenye miaka minane, inatetemeka sana mwanzoni. Unaona ngazi za ghorofa, taa ya korido inayozimika yenyewe, viatu sita mbele ya mlango wa kijani. Mkono mdogo unatokea na kugonga. Ndani kuna sauti ya maji na sufuria. Anagonga tena. "Ni nani?" bibi yake anauliza kwa Kirundi. Naye, badala ya kusema ni mimi, akataja jina lake lote, la kwanza, la katikati na la ukoo, polepole, kama wanavyotangaza kwenye filamu. Kitasa kikazunguka.